Nilikwenda Kupima Mapazia, Nikakuta Ndoo Sebuleni

Milioni mbili haziwezi kukununulia nyumba Dar es Salaam, ila zinaweza kukupotea ukiwa unaitafuta. Mimi zilinipotea. Tangu tuhamie, hapiti mwezi bila mtu kazini kunivuta pembeni: "Dada, nipe namba ya yule injinia aliyekukagulia nyumba kabla hujanunua." Namba natoa, lakini namba peke yake haikusaidii kama utampigia ukiwa umeshalipa. Kwa hiyo naandika yote, na ya aibu yamo.

Mwaka 2023 tulikuwa tumetimiza miaka tisa ya kupanga Tabata. Mimi mwalimu wa sekondari, mume wangu yuko kwenye usafirishaji wa mizigo. Kiwanja tulikuwa nacho, tukakiuza. Wengi walituuliza kwa nini hatujengi pole pole kama watu wote. Jibu ni kwamba tumewaona watu wote: msingi unaota nyasi miaka sita, fundi anaondoka na mifuko ya saruji, tofali zinahesabiwa jioni mia tano na asubuhi mia nne. Tukaona bora tununue iliyokwisha. Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo hapo kichwani, kabla hata sijatoka nyumbani: niliamini nyumba iliyokwisha haina maswali tena.

Mwezi wa nane dalali akatupeleka Tegeta. Vyumba vitatu, kimoja masta, dari ya jipsamu yenye taa za kuzunguka, marumaru unajiona uso, rangi mbichi bado inanukia. Milioni 95. Nikiwa bado nimesimama jikoni nikipanga friji itakaa wapi, dalali akasema, "Dada yangu, hii ukiilalia kesho huikuti. Kuna mama mmoja anatoka Dodoma Jumamosi na hela yake mkononi." Huyo mama wa Dodoma nilikuja kumsikia tena kwa madalali wengine wawili. Ana hela kweli kweli, na kila Jumamosi yuko njiani.

Si kwamba hatukukagua. Mume wangu alisema tutafute fundi, dalali akajibu fundi yupo, wa hapo hapo mtaani. Akaja kijana mstaarabu, akagonga ukuta mara mbili kwa kiganja, akatazama dari, akasema, "Mama, nyumba imeshiba saruji hii." Tukampa elfu thelathini. Ilinichukua miezi mitatu kujiuliza swali la mtoto wa darasa la tano: huyu kijana kesho anapata kazi kwa nani? Mimi ataniona siku moja maishani. Dalali anampa kazi kila wiki.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dalili niliziona kwa macho yangu. Ukuta wa nje ulikuwa na rangi ya mafuta kuanzia chini hadi kiunoni, na rangi ya kawaida juu yake. Nikadhani ni mtindo. Mlango wa nyuma ulikuwa na kizingiti cha zege kirefu kama kiganja, nikamwambia mume wangu tutakivunja watoto wasijikwae. Jirani upande wa chini alikuwa amepanga viroba vya mchanga ukutani kwake. Mwezi wa nane, jua linawaka, nani anauliza habari za viroba?

Tukasaini. Milioni tano za kushikia nyumba, zinazobaki tulipe mwezi wa kumi na mbili mkopo wa SACCOS ukitoka. Karatasi iliandikwa na dalali, na mstari wa mwisho ulisema fedha iliyolipwa hairudishwi. Niliusoma. Niliusoma kama mtu anavyosoma maandishi ya nyuma ya tiketi ya basi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza El Nino kwa vuli ya mwaka ule. Niliisikia redioni nikikaanga vitunguu, nikawawazia wakulima. Mwezi wa kumi na moja, baada ya siku mbili za mvua, nikaenda Tegeta na tepu yangu kupima mapazia. Nikakuta ndoo tatu sebuleni, na dada wa kazi wa mwenye nyumba anakausha kwa tambara. Dari ilikuwa kavu, na mlangoni hapakuwa na maji. Yalikuwa yanatoka chini, pale ukuta unapokutana na marumaru, taratibu, kama jasho. Ile rangi ya mafuta nje ilikuwa imeanza kuvimba malengelenge. Nikaibonyeza kwa kidole, ikapasuka, ikatoa unga mweupe. Fangasi, kama tunavyosema mtaani. Jirani wa viroba alikuwa amesimama barazani kwake akiniangalia kwa huruma.

"Kwani hamkuambiwa?" akasema. "Hapa maji yana njia yake, mama. Ile nyumba ndiyo imekaa njiani."

Korongo lilikuwa nyuma ya ukuta, kama hatua arobaini. Mwezi wa nane ni shimo kavu lenye chupa za plastiki. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Yaani hata maji yasingeingia ndani, bado kuna siku ningeweza kuamka na alama ya X nyekundu ya kubomolewa ukutani.

Kudai fedha kulinichosha kuliko maji. Karatasi ilisema hairudishwi, na wakili niliyemwendea akaniambia kwa upole kwamba nimekwenda kwake nikiwa nimechelewa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ndiye aliyetukalisha, vikao vinne, vya mwisho nikilia waziwazi bila haya. Zikarudi milioni tatu, kwa awamu mbili. Mbili zilikuwa "zimeshatumika". Mume wangu hakunisema hata neno moja, na hilo lilikuwa baya kuliko kusemwa.

Dada yangu anaishi Columbus, Ohio. Nilipompigia kumlilia, akaniuliza mkaguzi wetu alisema nini. Mkaguzi gani? Akanieleza walivyofanya walipokuwa wananunua ya kwao. Mnakubaliana bei, mnasaini, mkataba unakupa siku kadhaa, na katika siku hizo unamlipa mtu wako mwenyewe anayeipitia nyumba kuanzia paa hadi chini ya sakafu. Anaandika ripoti yenye picha. Ukishaisoma, unaendelea, unaomba warekebishe, unaomba bei ishuke, au unachukua amana yako unaondoka. Walimpimia hadi radoni, gesi inayotoka ardhini. Mkaguzi havunji ukuta wala hasogezi makabati. Anasema anachokiona tu.

Radoni nilimwachia yeye. Kilichonigonga ni mpangilio. Wao wanakagua katikati, fedha nyingi ikiwa bado mfukoni kwao na mlango wa kutokea uko wazi kwenye mkataba. Sisi tunapenda kwanza, tunalipa cha kushikia, halafu tunaanza kuomba Mungu.

Huku kwetu hakuna mtu mmoja wa kazi hiyo. Ukimwita "mkaguzi wa nyumba" mtaani watadhani unatafuta wa manispaa. Unawakusanya. Mimi niliwakusanya hivi: injinia wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (omba namba yake ya usajili, uihakiki, mwenye nayo hachukii), fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), fundi bomba, na mpima wa ardhi wa kutafuta bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja. Na tafadhali, mthamini wa benki usimhesabu humo. Wapo wanaosema, "Benki imeshatuma mtu wake, nyumba iko salama." Yule amekwenda kuangalia nyumba ina thamani gani kama dhamana ya mkopo. Waya zako za umeme si kazi yake.

Habari ya hati nitaipitia haraka kwa sababu wengi mnaijua: tafuta taarifa rasmi kwa Msajili wa Hati uone jina ni la nani na kama kuna benki imeishikilia, muuzaji akiwa na ndoa, mwenzi wake akubali kwa maandishi, mkataba auandike wakili wako.

Mwezi wa nne 2024, masika imepamba moto, tukaanza upya. Safari hii nilikuwa natoka mvua ikinyesha. Dalali mpya aliniona kama nina kasoro. "Dada, si tusubiri ikatike?" Nikamwambia ikikatika ndiyo narudi nyumbani. Nyumba mbili tulizikataa bila kushuka kwenye bajaji. Ya tatu ilikuwa Kinyerezi, juu kidogo ya mteremko, imejengwa 2009, haina taa za kuzunguka, rangi imefifia, milango ya mninga. Mwenye nyumba mzee mstaafu, mkewe alishatangulia mbele ya haki, anataka kurudi kwao Songea. Milioni 118.

Wakili akaandika: milioni mbili za awali zinakaa kwake, siku 30 za ukaguzi, zikionekana kasoro kubwa za jengo au za kiwanja fedha inarudi yote. Dalali akacheka, "Hizi si habari za Ulaya jamani?" Mzee akamkata kalima. "Waje. Nilichokijenga nakijua."

Gharama niliandika daftarini. Injinia pamoja na ripoti, 450,000. Mpima 300,000. Fundi umeme 80,000, fundi bomba 50,000. Jumla 880,000, na hiyo ni kwa nyumba ambayo bado si yako na pengine hutainunua. Mume wangu alishusha pumzi ndefu. Nikamkumbusha zile mbili za Tegeta, akatoa simu akatuma.

Siku ya ukaguzi nendeni wenyewe. Nasisitiza. Ripoti ni karatasi. Ukiwa pale unaona uso wa mtu anapogusa kitu, na unauliza hapo hapo. Injinia wetu alikuwa binti mdogo kuliko nilivyotarajia, na mzee alimwamkua kwa mashaka. Alifika saa tatu asubuhi. Kwa dakika kama ishirini hakugusa nyumba. Alisimama ng'ambo ya barabara na mwavuli wake akitazama tu: maji yanatoka wapi, yanapiga kona wapi, paa linamwaga upande gani, jirani wa juu anayaelekeza kwa nani. "Maji kwanza," akaniambia. "Mengine yote yanarekebishika kwa hela. Maji yanarekebishika kwa hela nyingi."

Halafu akaingia na begi: tochi, pimamaji, nyundo ndogo, tepu, kifaa cha kuchoma ukutani kinachosoma unyevu, na gololi. Ndiyo, gololi ya watoto. Aliiweka sakafuni kila chumba kuona inakimbilia wapi. Marumaru alizigonga kwa ufunguo, moja moja, sikio chini. Zinazolia kama kopo ndani yake hazikushika. Milango aliifungua na kuiachia nusu, kuona kama inajifunga yenyewe. Alifungua kila dirisha. Choo alikifulashi mara tatu, na bomba zote zikafunguliwa kwa pamoja kuona kama la bafuni litabaki linadondosha machozi.

Kona ya jikoni alikaa muda mrefu. Palikuwa na ufa unaotoka kwenye pembe ya dirisha kwenda chini kwa mshazari, mwembamba juu, mpana chini kiasi cha kuingia ukucha. Moyo ulinilipuka, Tegeta yote ilinirudia. Akanifundisha kusoma nyufa, na hili nimewafundisha wengi. Nyufa nyembamba zilizotapakaa kama utando wa buibui ni plasta ilikauka haraka, zizibwe kwa rangi. Zinazofuata viungo vya tofali kama ngazi, au zinazokata mshazari kutoka pembe za milango na madirisha, na upande mmoja ni mpana kuliko mwingine, hizo zinasema msingi ulisogea. "Ulisogea, au unasogea?" akauliza, kama anajiuliza mwenyewe. "Hilo siwezi kukujibu leo." Akabandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa gundi ngumu, pande zote mbili, akaandika kwa kalamu ya wino mzito: 20/4/2024. Ukuta ukisogea, kioo kinapasuka. Mzee akaniambia ufa ule ulitokea mwaka wa kwanza tu na haujaongezeka. Nikamwamini, na bado nikasubiri kioo.

Darini alipanda mwenyewe, akaniita nichungulie. Kenchi tatu, zile mbao zinazobeba paa, zilikuwa na njia za mchwa, kamba za udongo zinapanda kutoka kwenye ukuta. Alizichoma kwa bisibisi: mbili ngumu, moja ilimeza ncha kama mkate. Bati ambazo dalali alizisifia kuwa geji 28 zilikuwa geji 30, nyembamba zaidi. Si uhalifu, ila bei ya 28 tusilipe.

Umeme ndio ulionitisha hasa. Fundi alifungua soketi ya jikoni akaonyesha waya wa milimita za mraba 1.5, saizi ya taa, unalisha soketi ya jiko na birika, mahali pa 2.5 au zaidi. Halafu akazunguka nje kutafuta ethi, ule waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Fimbo ilikuwepo ardhini. Waya wake ulikuwa umekatwa, unaning'inia ukutani, umepakwa rangi pamoja na ukuta. Mzee akaushika, akautazama muda mrefu. Nyumba ilikuwa haina ethi, miaka isiyojulikana mingapi, wajukuu wanaingia na kutoka bafuni kwenye hita. Hakusema kitu. Wiki ile ile alimleta fundi akarekebisha kwa hela yake, kabla hatujazungumza lolote.

Mpima naye akaja na yake: ukuta wa mbele umetoka nje ya bikoni, mita moja na kidogo, umeingia kwenye hifadhi ya barabara. Kwa mtu anayekumbuka Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017, nyumba zilivyovunjwa kupisha Barabara ya Morogoro, neno hifadhi ya barabara linaleta baridi mgongoni. Hapa ni barabara ya mtaa, na ni ukuta wa uzio tu. Tuliamua kuishi nalo tukijua. Upande ule nimepanda maua ya kopo, sijaweka hata tofali moja la mapambo.

Ripoti ilikuja baada ya siku nne. Kurasa 14, mambo 31. Niliisoma usiku kwenye simu na kwenye ukurasa wa sita nikaanza kulia. Nikampigia injinia saa nne usiku, Mungu anisamehe. "Kwa hiyo tusinunue?" Akajibu bila kukasirika, "Dada, mimi sinunui nyumba. Nakwambia kilichopo." Akaniambia nichukue kalamu tatu. Nyekundu kwa kinachoweza kuua mtu, bluu kwa kinachokula hela, nyeusi kwa kero. Nyekundu zilikuwa mbili, zote za umeme. Bluu tano. Nyeusi ishirini na nne: komeo, bawaba, bomba linalodondosha, marumaru inayolia. Hizo ndizo nilizokuwa nazililia.

Tarehe 4 mwezi wa tano, kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu. Watu wengine walikuwa wanaombea nyumba zao. Mimi nilikuwa naombea ya mzee wa watu. Kulipopambazuka vizuri siku ya pili nikapanda bajaji hadi Kinyerezi. Nilimkuta barazani na redio. Kioo kizima. Ukuta wa nyuma mkavu. Nikajikuta nimeinama kama mganga, naupapasa.

Sasa niungame kosa la mapatano. Nilikwenda na ripoti nzima. Mwalimu ni mwalimu: nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaanza kumsomea mzee, namba moja, namba mbili, hadi kitasa cha stoo. Nilipofika kumi na kitu nikaona ameweka kikombe chini.

"Mwanangu," akasema, "nyumba hii nimelelea watoto watano. Marehemu mama yao alikuwa anabeba maji ya zege na mtoto mgongoni. Umekuja na karatasi ya kuitukana?"

Mume wangu akanigusa mguu chini ya meza, tukaaga. Jumapili iliyofuata tukarudi na sukari na mchele, karatasi tumeiacha Tabata. Wakaongea wanaume kwanza habari za Songea na za mipira. Ndipo mume wangu akasema, "Mzee, tumeipenda. Kuna mambo matatu yanatuzidi uwezo kwa bei hii: kenchi, waya za jikoni, na bati zinazovuja upande wa stoo." Akatoa makadirio ya mafundi, milioni sita na ushee. Kitasa hakikutajwa. Mzee akanyamaza, akatikisa kichwa, akasema milioni 112. Kama ningemaliza kusoma zile 31 siku ile, naamini angeiuza kwa mama wa Dodoma.

Tulihamia mwezi wa saba. Mwezi wa kumi, jirani wa upande wa chini akabisha hodi, kanzu nyeupe, ametoka msikitini.

"Karibu jirani."

"Nimeshakaribia. Sasa mama, nimekuja kwa lile shimo lenu."

Lipi? Ikaja kuonekana kwamba maji ya choo yanapita kwenye chemba zetu vizuri kabisa, yanaingia tanki, halafu bomba linatoboa chini ya uzio na kuishia kwenye shimo la kunyonya lililoko kwenye kiwanja chake. Mzee na yeye walikubaliana kwa mdomo 2009, pote pakiwa pori. Sasa anataka kujenga fremu za maduka, na fremu ya kwanza inakaa juu ya shimo letu. Kuhamisha, kuchimba jipya kwetu na kubadili bomba: milioni tatu na laki mbili.

Nilimpigia injinia kwa hasira. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniomba nifungue ukurasa wa kwanza wa ripoti. Ule niliouruka kukimbilia picha. Umeandikwa wazi: havikukaguliwa vilivyofukiwa ardhini, vilivyo ndani ya kuta, na vilivyofichwa na samani. Fundi bomba alifunua chemba, akaona maji yanakimbia, akafunika. Hakuna aliyeuliza yanakimbilia wapi, na mimi niliyekuwa nimesimama pale na mwavuli sikuuliza. Kwa hiyo wewe uliza. Simama na mwenye nyumba, anza chooni, tembea naye hatua kwa hatua hadi mahali maji yanapozama, na hakikisha bado mko ndani ya bikoni zenu. Kisima kama kipo, angalia kiko mbali kiasi gani na shimo hilo. Na omba kabati kubwa la masta lisogezwe. Mimi nyuma yake nilikuta tundu la kiyoyozi lililozibwa kwa magazeti. Hilo lilinichekesha tu.

Mzee yuko Songea, na masika ikianza lazima apige. Ameshazoea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ile kona ya jikoni inasemaje?"

Naenda na tochi. Kioo kipo, vumbi limekaa pembeni, tarehe ya yule binti bado inasomeka.

"Kizima, mzee."

"Na jirani?"

"Jirani naye mzima. Shimo tumelihamishia kwetu."

Kimya kidogo, kama simu imekata. Halafu nasikia anacheka, kicheko cha mtu aliyekumbuka kitu amechelewa.

"Lile," anasema, "wallahi nilisahau."